Tupeane uzoefu: umewahi kuandika orodha ya waathirika au kuchora ramani ya maafa kwenu?

Wakuu, salaam.

Desemba 3, 2023, Jumapili asubuhi, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji kama Gendabi. Nilifika siku chache baadaye kumtafuta binamu yangu. Namshukuru Mungu, nilimkuta mzima kwa jamaa, ila jina lake bado lilikuwa kwenye orodha ya waliopotea. Nikabaki kumsaidia mwenyekiti wa kitongoji kuandika.

Vifo vilivyotangazwa vilifika 47 siku ya kwanza, vikapanda hadi kuvuka 80. Wengi walilalamika kwamba tunafichwa. Nilichokiona mimi: miili ilikuwa bado inatolewa topeni, na nyumba nyingine ililaza wapangaji pamoja na mgeni aliyefika usiku, ambaye jirani hamjui hata jina. Nyumba zenyewe zilifutika. Mama mmoja alihesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya umeme ndipo akatuonyesha kilipokuwa chumba cha wanawe. Hiyo ndiyo nukta niliyoweka kwenye ramani ya simu, na mkono ulikuwa unatetemeka.

Wenzangu mliwahi kufanya kazi hii? Mlianzia wapi?

Mwanafunzi wa zamani, Dar
Pole sana mkuu. Mimi nilitembea Tandale kwenye Ramani Huria, mradi ulioanza 2015, tukichora mitaro na maeneo yanayofurika. Ukimuuliza mtu maji yalifika wapi, anakujibu "yalijaa sana". Tukajifunza kumwomba aonyeshe kwenye mwili wake: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Hapo hakosei. Muulize pia mtaro gani ulianza kurudisha maji, maana wenyeji wanaujua kuliko picha yoyote ya droni.

Wa Naivasha
Poleni ndugu zetu. Kwetu Mai Mahiu, Kenya, Aprili 29, 2024, maji yalikuja watu wakiwa usingizini. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa ni njia ya mto chini ya tuta la reli, kule Old Kijabe, iliyoziba kwa takataka na magogo hadi maji yakavunja. Msiandike chanzo siku ya kwanza kama hamjakiona. Andikeni saa, mahali na watu; chanzo kiachieni nafasi. Ukiandika bwawa, kesho watakagua mabwawa, na ile njia chini ya reli itaziba tena.

Mhaya wa Bukoba
Tetemeko la Septemba 10, 2016. Kwetu aliyekuja kuandika alihesabu nyumba zilizoanguka tu. Ya bibi yangu ilipata nyufa, haikuhesabiwa, akaendelea kulala humo. Mvua za Novemba zikaangusha ukuta wa nyuma, akavunjika nyonga. Yeye hayumo kwenye hesabu yoyote ya tetemeko. Naomba sana, rudini baada ya miezi mitatu mwandike tena.

Mama Wawili
Mleta mada, na vichanga ambavyo havijapewa majina mliviandikaje?

Mleta mada
Dada, tuliandika "mtoto wa", jina la mama, na umri kwa siku. Mmoja alikuwa na siku tisa. Mwenyekiti alitaka kumjumlisha kwenye mstari wa mama yake, nikamsihi tumpe mstari wake.