Sikukuu ya Krismasi nataka redio inayozungumza, si ya muziki. Nisikilize nini?

FundiWaBombo
Wapendwa, salaam aleikum na habari za leo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Bombo, Uganda, Mnubi, na Desemba ndiyo yenye pesa yangu ingawa sikukuu yenyewe si yangu. Magauni ya watoto, gomesi (yale magauni marefu yenye mabega yaliyosimama) za kina mama wanaokwenda vijijini, kanzu za wakwe. Mkesha nashona mpaka usiku mkubwa, na tarehe 25 asubuhi bado wapo wale wa "nitapitia kabla ya misa". Macho na mikono viko kwenye kitambaa. Kilichobaki ni masikio, nayo nimeyakabidhi redio.

Shida ni kwamba ikifika tarehe 23 hivi FM zetu zinaacha kuzungumza. Watangazaji wanakwenda kwao, kompyuta inaachiwa nyimbo. Mwaka jana kuna moja ilikuwa inatutakia asubuhi njema na huku jua linazama. Siuchukii muziki, ila cherehani yangu ni ya kukanyaga. Wimbo wa kasi unauvuta mguu, mshono unakimbia pembeni, uzi unakatika. Mtu akizungumza, mguu unatulia. Hadithi nzuri iliwahi kunimalizia gomesi nzima pamoja na yale mabega yake, na aliyewahi kuyashona anajua ninachosema.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kupanga siku: hotuba, mahojiano, michezo ya kuigiza. Mahubiri pia nasikiliza, anayejua kuhubiri anajua kuhubiri. Kiswahili kwanza, Luganda sawa, Kiingereza kisiwe cha mbio. Video msinitumie, bando ni za kuhesabu.

MzeeWaWalukuba
Binti yangu, anza na mkesha. Tarehe 24 saa kumi na mbili jioni zetu, kwa Waingereza ni saa tisa alasiri, weka BBC World Service. Kampala iko 101.3 FM, jaribu kama inafika kwenu. Kuna ibada ya masomo tisa na nyimbo kutoka kanisa la King's College, Cambridge. BBC wanaitangaza tangu 1928, wakaruka mwaka 1930 tu. Nyimbo zimo, lakini za taratibu, mguu wako hautapata taabu. Masomo husomwa na watu mbalimbali, anaanza mtoto wa kwaya, anamalizia mkuu wa chuo, na Kiingereza chao ni cha kutafuna vizuri. Ibada inafunguliwa na mtoto mmoja akiimba peke yake, na haambiwi mapema kwamba ni yeye. Wanamwonyesha dakika ileile. Kila mwaka namhurumia mtoto wa watu.

Kesho yake, saa ileile, anazungumza mfalme wao. Aliyeanzisha ni George V mwaka 1932, kutoka Sandringham, na maneno aliandikiwa na mwandishi Rudyard Kipling. Idhaa yenyewe ya kwenda makoloni ilikuwa na siku sita tu, ilifunguliwa tarehe 19 mwezi huohuo. Marehemu baba alimwona Malkia Elizabeth hapa Jinja mwaka 1954 alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls, basi kwetu hotuba ya Krismasi ilikuwa amri. Hakuna kuburuta kiti, hakuna kukohoa, na nusu ya waliokaa kimya hawakuelewa neno. Tangu 2022 ni Charles. Ni fupi, utamaliza pindo la gauni moja.

Kyaka_2
Dada, usisahau saa nane mchana tarehe 25. Roma ni saa sita, Papa anatoka kwenye roshani ya Mtakatifu Petro kutoa ujumbe na baraka za Urbi et Orbi, yaani kwa jiji na kwa dunia. Anazitaja nchi zenye vita moja moja. Sisi tuliotoka Kongo tunanyamaza kungoja kama yetu itatajwa. Radio Maria, redio ya Wakatoliki, wanaijua kazi hiyo.

Kwa Kiswahili tafuta DW ya Ujerumani, wao wapo tangu 1963, na RFI ya Ufaransa walioanza 2010. Habari hazina likizo. VOA ya Marekani nilikuwa nayo kila jioni, ikanyamaza Machi 2025 na mpaka leo mkono wangu bado unaenda kwenye namba ile.

AskariWaUsiku
Mko Cambridge, mko Roma, na ebirango, matangazo ya redio kwa Luganda, mmeyaacha hapa nyumbani. Mimi nalinda geti Ntinda, sikukuu zote niko zamu, na nawaambia hakuna kipindi cha maneno kinachoshinda matangazo ya vifo. Jina la marehemu, watoto wake na wako wapi, alifanya kazi gani, gari linaondoka saa ngapi, mazishi saa kumi alasiri. Maisha ya mtu mzima kwa dakika moja, na msomaji hapambi kitu. Hata Sekukkulu, yaani Krismasi, yanasomwa, kifo hakiendi kijijini kupumzika. Zamani tulikuwa pia na ebimeeza, watu wanabishana hadharani na redio inarusha, lakini zilipigwa marufuku 2009.

Asubuhi ya Krismasi sikiliza mahubiri ya Namirembe na Rubaga, makanisa makuu ya Kampala, maaskofu hawana haya siku hiyo, wanasema na serikali.

FundiWaBombo
Mzee wangu shikamoo, na asanteni nyote. Ya saa kumi na mbili nimeyaandika kwa chaki ukutani, siku zote mbili. Papa nitamsikiliza pia, na Kyaka, nitakuwa nangoja jina la nchi pamoja nawe.

Afande wa Ntinda, ebirango siwezi. Niliwahi kusikia jina la mteja na gomesi yake imening'inia mbele yangu, imebaki vifungo. Tangu hapo yakianza nazima.

Bado nina pengo baada ya mahubiri mpaka saa nane, na usiku wote. Na hakuna aliyenipa mchezo wa kuigiza.

AskariWaUsiku
Pole, sikujua. Mchezo upo. DW wana mfululizo unaitwa Noa Bongo, Jenga Maisha Yako, wa kuigiza kwa Kiswahili. Hauna bei, unapakua kwenye tovuti yao, na ni sauti tupu, haimalizi bando. Mpe kijana yeyote anayejaza nyimbo kwenye memori kadi, akujazie huo badala ya nyimbo. Mimi nilijaziwa hapa Ntinda, nimesikiliza usiku kucha bila kusinzia. Ila zifuate namba za vipindi, simu yangu ilivichanganya, mwizi alikamatwa kabla hajaiba.

Sasa mimi nina suruali ya kupunguza kiuno. Unapokea mpaka lini?

FundiWaBombo
Tarehe 20 nafunga kupokea. Wewe lete na hiyo memori kadi, nitakupokea hata 22.