Mrejesho: saa ya otomatiki nimeshainunua

Ndugu zangu, niliwauliza kama saa isiyotumia betri itafaa kwa joto na jasho la Mombasa. Nimechukua Seiko 5 Sports yenye mashine ya 4R36, na mlionishauri nawashukuru sana.

Raha yake iko mgongoni! Kifuniko ni cha kioo, unaona kile kipande cha chuma kikizunguka kila mkono unapotikisika, kikiikaza springi. Mshale wa sekunde nao unateleza, kwa kuwa mashine inapiga mara 6 kwa sekunde.

Ikijaa hudumu kama saa 41. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumapili mchana utaikuta imesimama. Unaitia ufunguo kwa mkono, basi. Yangu hutangulia kidogo, na kiwanda chenyewe kinaruhusu hadi sekunde 45 kwa siku, kwa hivyo sina wasiwasi.

Maji inastahimili mita 100. Mkanda wa chuma ndio ulionishinda, kwenye foleni ya feri Likoni jasho linajaa chini yake. Nimeweka wa nailoni, mwepesi na unafulika.

Kuna anayemjua fundi mzuri wa saa hizi Mji wa Kale?