Naomba ushauri: samaki wa mti aelea kwangu, azama ziwani

Mchonga_Kibokoni: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninachonga vyambo bandia vya mti kwa ajili ya sangara, na shemeji yangu aliyeko Mbita huvikokota nyuma ya mashua yake katika Ziwa Victoria. Kila kimoja hukijaribu mwenyewe kabla ya kukituma: hutulia chini kidogo ya uso wa maji, na nikikivuta hutikisa mkia kama dagaa aliyejeruhiwa. Hata hivyo, shemeji analalamika kwamba kila anapolegeza mshipi vinazama na kunasa miambani. Je, mti wa mwarobaini haufai, au rangi ya kucha ninayopaka inapitisha maji? Nimekosa usingizi kwa jambo hili.

Nahodha_Mstaafu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Sijavua sangara maishani, lakini nimerambaza nguru nje ya Kilindini miaka mingi, na chambo chetu kilikuwa kijiko kilichokatwa mpini, kikatobolewa ncha zote mbili, huku pete na huku ndoana. Kijiko hakitaki mti wala rangi, maana kinachomwita samaki ni ule mmeto kinapopinduka majini. Vijana wa siku hizi mnatengeneza mapambo ya kumvutia mvuvi.

Mkaazi_wa_Likoni: Kabla ya kuulizia mti, tuulizane kuhusu samaki mwenyewe. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, hadi aina nyingi zikatoweka, kisha akawa ndiye riziki ya watu wale wale waliompoteza furu. Ndugu, mwambie shemeji yako kwamba aliyepungua sentimita 50 anarudishwa majini.

Fundi_Karai: Ndugu Mchonga, umetaja ziwa, mti, rangi, shemeji na usingizi, lakini hukutaja unakovijaribia.

Mchonga_Kibokoni: Hapa hapa nyumbani, kaka. Maji ni maji.

Fundi_Karai: Nyumbani ni wapi: kwenye ndoo, kwenye pipa, au wapi?

Mchonga_Kibokoni: Katika hori ya Tudor, ule mkono wa bahari hapa Mombasa, maji yakijaa. Sioni hilo linahusiana vipi na swali langu la rangi.

Fundi_Karai: Linahusiana kuliko rangi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, na ya maji baridi ni gramu 1,000, kwa hiyo bahari hukibeba kitu zaidi. Chambo cha gramu 80 ulichokitia uzito wa risasi tumboni hadi kikatulia sawasawa katika hori, kikifika ziwani kitakuwa kizito kwa karibu gramu 2, na hizo zinatosha kukipeleka chini mara tu mshipi unapolegea.

Mchonga_Kibokoni: Nimekuelewa, kaka, lakini nina sababu zangu. Sangara wakubwa hukaa chini, basi kuzama si kasoro. Isitoshe, mzigo umekwisha kufungwa kwenye katoni na mwenye duka kule ametoa arbuni, hivyo siwezi kulipasua tumbo la kila samaki ili nitoe risasi.

Jicho_la_Ngome: Mimi siuamini uzi huu. Asubuhi tulikuwa na shemeji na mashua yake, na sasa tuna mwenye duka, katoni na arbuni. Hakuna aliyenasa mwambani wala aliyekosa usingizi. Hili ni tangazo la biashara, na jibu linalofuata litakuwa na nambari ya simu.

Bi_Kisauni: Ikiwa ni tangazo, basi ni la kwanza nililoliona linalotangaza kwamba bidhaa inazama.

Mchonga_Kibokoni: Mama yangu, nashukuru, ingawa sijui kama umenitetea. Shemeji ndiye mvuvi na mwenye duka ni jirani yake, aliyeagiza baada ya kuona chambo changu cha kwanza kikimtoa sangara. Hicho nilikichonga kwa msufi.

Jicho_la_Ngome: Msufi! Kwa nini ukauacha mti uliokupa samaki?

Mchonga_Kibokoni: Kwa sababu sangara alikikandamiza kwa taya hadi pete ya ndoana ikachomoka. Mwarobaini haupondeki, na vipande vyake ninavipata kwa wachonga vinyago wa Changamwe kwa bei nafuu.

Fundi_Karai: Pete haikupaswa kushikwa na mti hata kidogo. Pitisha waya mmoja usioshika kutu kutoka puani hadi mkiani, uufungie ndoana zote, ili samaki apambane na waya na mti ubaki kuwa umbo tu. Hapo msufi utakufaa. Ukitaka kina, usikitafute kwa risasi. Ongeza urefu wa ule ulimi wa bati chini ya mdomo na uulaze uelekee mbele, kwa maana ndio unaokizamisha chambo kinapokokotwa, na mshipi ukilegea chambo chepesi hupanda chenyewe na kuukwepa mwamba. Ujaribie kwenye karai la maji ya bomba, wala usichote kisimani, kwa kuwa visima vingi vya hapa kisiwani vina chumvi.

Mchonga_Kibokoni: Vilivyosalia nitavijaribu kwenye karai. Katoni hii itaondoka na basi la usiku kama ilivyo, na juu yake nitaandika kwamba ni vya kina kirefu.

Fundi_Karai: Basi mpigie shemeji kabla basi halijafika, umwambie asisimamishe mashua mshipi ukiwa majini.