Ushauri: nataka kununua frihodi (umiliki kamili wa jengo na ardhi yake) ya flati yangu London, mwenye nyumba hajulikani alipo

Binti_Chuda: Habari za wikiendi wapendwa, hasa mlioko Uingereza. Nina flati ya chini huku Leyton, nyumba ya zamani ya ghorofa moja iliyokatwa mbili, juu yuko jirani na yeye kanunua ya kwake. Lisi yangu, yaani haki ya kumiliki flati kwa miaka maalum, imebaki miaka 74. Nilitaka kuuza nirudi zangu Tanga, mteja nikapata, wakili wake akauliza mwenye frihodi nani na bima ya jengo iko wapi, sikuwa na jibu, mteja akaingia mitini. Kodi ya ardhi ninayotakiwa kumlipa mwenye frihodi ni paundi 25 kwa mwaka na hajawahi kutokea mtu kuidai tangu ninunue, barua niliyomwandikia imerudi na stika ya posta kwamba hajulikani hapo. Gata la nyuma linaning'inia mvua yote inaishia ukutani kwangu. Frihodi inanunulika kweli kwa mtu asiyeonekana??

Mzee_wa_Reading: Pole dada. Anza na Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, toa rekodi ya frihodi siyo ya lisi yako, hizo ni mbili tofauti. Ni paundi 7 kwenye tovuti ya serikali, usiingie kwa hawa madalali wa mtandaoni. Uone kama ni mtu au kampuni. Kama ni kampuni iliyokwisha futwa basi mali imeangukia kwa Mfalme, unaongea na idara ya Bona Vacantia, ya mali zisizo na mwenyewe, wanauza ila kwa bei ya soko, pale hakuna cha bure

Kipande: Si akae kimya tu, miaka 12 ikipita inakuwa yake

Mzee_wa_Reading: Usimpoteze dada wa watu mkuu. Hiyo ni ya anayekalia ardhi bila ruhusa, huyu anakaa kwa lisi ya huyohuyo mwenye nyumba, hata akae 50 haimsaidii. Na lisi ikishashuka chini ya miaka 80 bei ya kununua frihodi au kuongeza lisi inapanda, maana unagawana na mwenye nyumba nusu kwa nusu ile thamani flati inayoongezeka kwa hatua hiyo. Sheria ya lisi ya 2024 imeifuta hiyo ila kipengele chenyewe bado hakijaanza kutumika.

Binti_Chuda: Nimetoa. Ni mtu, na anwani yake iliyoandikwa ni hiihii nyumba yetu 😂

MamaZuu: Hiyo ya anwani ipo sana. Njia yako ni mahakama ya kaunti, sheria ya lisi ya 1993 kifungu cha 26, cha mwenye nyumba asiyepatikana. Hakimu atataka kuona umemtafuta kweli, kwa hiyo lipa mtu wa kutafuta watu, angalia kama kuna mirathi yake imefunguliwa, weka tangazo gazetini, na ile barua iliyorudi usiitupe hata bahasha yake. Akiridhika, baraza la mali (tribunal) linapanga bei kwa ripoti ya mthamini, mnaweka hela mahakamani na mahakama inasaini badala yake. Siku akiibuka atakuta hela zake huko, nyumba imeshaenda. Kodi ya nyuma wanaweza kuidai pia, kwa 25 haikuumizi. Ila flati zikiwa mbili lazima muingie wote wawili

Binti_Chuda: Hapo ndo pagumu, wa juu anasema hana hela wala haraka

MamaZuu: Basi ongeza lisi peke yako, kifungu cha 50, mahakama ileile na huhitaji saini ya jirani. Unapata miaka 90 juu ya hiyo 74 na kodi ya ardhi inakufa. Zamani ulitakiwa uwe umemiliki miaka 2, wameitoa Januari 2025. Gata halitatengenezwa na hiyo lisi lakini, na bima ya jengo zima mkae muichukue pamoja sasa hivi, hilo hata yeye hawezi kukataa, moto hauchagui wa juu wala wa chini

Binti_Chuda: Asante dada. Mthamini anayezijua bei za E10 (posta ya huku Leyton) na asiyechinja nani anaye? Njoo inboksi