Wanafunzi wa sekondari hawagusi vitabu vya hadithi: wakutubi na walimu, mnafanyaje?

Mkutubi_Eastlands
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mkutubi wa shule ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, wavulana na wasichana, Gredi ya 10 pamoja na vidato vya tatu na nne. Nimekuja na jambo ambalo limenikaa rohoni.

Maktaba yetu hujaa. Mapumziko ya mchana hupati kiti. Lakini waliokaa wanafanya hesabu, wananakili noti za bayolojia au wanapitia maswali ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya miaka iliyopita. Riwaya, diwani na hadithi fupi zimesimama kule nyuma, hakuna anayezigusa. Nikimpa mtoto kitabu kizuri, swali lake la kwanza ni, "Hiki kinatahiniwa?" Nikisema hapana, anatabasamu kwa adabu na kunirudishia.

Si wavivu hawa. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu, na jioni kuna masomo ya ziada. Ila tangu wakiwa wadogo wamezoeshwa kwamba kitabu ni cha kujibia maswali, basi. Mimi nataka wasome kwa sababu wamependa. Bajeti ni finyu mno, simu haziruhusiwi shuleni, na kipindi cha maktaba ni kimoja kwa wiki, dakika 40, ambacho mara nyingi humezwa na hisabati. Mlio mashuleni, ni nini mlichofanya kikashika?

Mwl_Insha
Pole kwa kazi, mwenzangu. Ningekushauri uwabane kidogo. Kila mwanafunzi kitabu kimoja kwa mwezi, aandike muhtasari wa ukurasa mmoja, na mwalimu wa lugha ampe alama. Mtoto wa sekondari bila alama hasogei. Insha zao zitanyooka, utaona.

RafuYaKati
Mwalimu hapo juu, kwa heshima zote, napinga. Muhtasari ndio unaowafukuza. Mtoto akijua mwisho wa kitabu kuna kazi ya kuandika, atatafuta kilicho chembamba kuliko vyote, au atanakili cha mwenzake. Nami pia ni mkutubi wa sekondari, upande wa Dagoretti, na nimeiona hali hiyo kwa macho. Insha hunyooka kweli, lakini kinachozinyoosha ni kusoma kwenyewe.

Mkutubi mwenzangu, anza na rafu. Toa vilivyochakaa, na vile vya msaada ambavyo hakuna kijana wa Nairobi angevitaka: miongozo ya kompyuta za zamani, ensaiklopidia zenye juzuu pungufu. Rafu ikijaa vitu visivyosomeka, vizuri havionekani. Vilivyobaki, vingine vigeuze majalada yatazame mbele. Kijana huvutwa na picha ya jalada, na sisi tumezoea kumwonyesha mgongo wa kitabu.

Kisha upange hadithi upya. Mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba, unaiweka fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392 na riwaya za Waingereza kwenye 823, kwa hiyo zinakaa mbalimbali. Kwa mkutubi ni sawa, lakini mtoto hatafuti namba. Anatafuta kisa cha kutisha, cha mapenzi, cha upelelezi, cha mpira. Kwetu hadithi tumezipanga kwa aina ya kisa na kuchanganya lugha zote mbili. Namba bado ziko mgongoni mwa kitabu na kwenye rejista, hakuna kilichoharibika. Tangu hapo riwaya za Kiswahili zinaazimwa na watoto ambao wangekuapia kwamba Kiswahili kwao ni cha darasani tu.

Na zile dakika 40, tafadhali, usizitumie kuwahubiria umuhimu wa kusoma. Wasomee. Tafuta ukurasa ambao mtu anabisha hodi usiku wa manane, au barua imefunguliwa na asiyeandikiwa. Soma kwa sauti dakika kumi hivi, na ukifika pale wanaposhika pumzi, funga kitabu. Wakikusihi uendelee, usiendelee. Weka nakala mbili tatu mezani halafu utazame. Kwangu wavulana wa kidato cha nne, wenye ndevu zao, husukumana. Ila kitabu hicho uwe umekisoma wewe mwenyewe mpaka mwisho. Vijana humtambua mara moja mtu anayesifia asichokijua.

Na waruhusiwe kuacha. Kikimchosha, akirudishe bila kuhojiwa, apewe kingine.

Mama_Umoja
Samahani, mimi si mwalimu, ni mzazi tu. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Nyumbani hashiki kitabu, lakini usiku yuko kwenye simu anasoma vibonzo vya Kijapani mpaka namnyang'anya. Nasoma mnayoandika na kujiuliza: kule nako ni kusoma, au nimkataze?

RafuYaKati
Ni kusoma, mama. Usimkataze. Muulize kisa kinahusu nini, halafu msikilize, utashangaa. Msomaji wa manga, hivyo vibonzo vya Kijapani, hufuata hadithi moja juzuu kwa juzuu, na anakumbuka nani alimsaliti nani na kwa nini. Uvumilivu huo ndio tunaoutafuta kwenye riwaya. Shujaaz ilipoanza hapa Nairobi mwaka 2010, vibonzo vya Sheng, vijana waliisoma kwa sababu iliongea kama wao na juu ya maisha yao. Shule ikiwa na rafu ya vibonzo haijajishusha. Usingizi ni suala jingine: saa ya kulala ikifika, simu ibaki sebuleni, na kama unaweza mtafutie juzuu ya karatasi.

Mtoto_wa_Makadara
Mimi nimemaliza shule juzi juzi, niruhusuni niseme upande wa wanafunzi.

Mnatuchagulia sana. Maktaba yetu ilinunua kwa kufuata orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala. Kwa masomo ni sawa kabisa, lakini mtu hatafuti raha kwenye orodha ya masomo. Mimi kusoma nilifundishwa na wauza vitabu vya mtumba wa mtaa wa Tom Mboya mjini, zile inama bookshop za kando ya barabara. Unainama, unachambua, unaondoka na riwaya kwa mia moja au mia mbili. Hakuna anayekuuliza umejifunza nini. Kuna siku nilisoma nikiwa nimesimama kwenye matatu toka mjini na nikapitishwa steji yangu.

Kwa hiyo mkipata hata elfu tano kutoka kwa wazazi, walimu msiende kununua peke yenu. Nendeni na wanafunzi wanne. Na wasiwe wale wa kwanza darasani. Mchukueni yule wa nyuma anayesikilizwa na wenzake. Kitabu alichokichagua yeye atakitangaza darasa zima bila kutumwa na mtu.

Halafu wapeni maktaba waiendeshe: wagonge muhuri, waandike kadi, waamue ukuta gani ubandikwe nini. Na msisahau watu wa drama! Wakati wa tamasha wale wanabeba hati wiki nzima na wanakariri kila mstari, hata wa wenzao. Hao ni wasomaji tayari. Wafuateni na tamthilia, msiwangoje maktabani.

Mzee_Kaloleni
Mkutubi, ukiwa Eastlands uko jirani na maktaba mbili za kaunti, Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk limezikarabati vizuri. Jumamosi wapeleke. Na siku moja uwapandishe mpaka maktaba ya McMillan pale mjini, Banda Street. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Waeleze hayo mkiwa nje, kabla hamjapanda zile ngazi. Mwezi wa tisa ukifika, angalia pia maonyesho ya vitabu pale Sarit Centre, Westlands. Waandishi huwa wako pale wenyewe, unawasalimu na kuwaomba waje shuleni. Mtoto akishamwona mwandishi aliyekuja kwa matatu kama yeye, kitabu chake hakikai rafuni.

Mkutubi_Eastlands
Asanteni sana, nasoma kila neno. Kuna kizuizi sijakitaja. Naibu wa mwalimu mkuu hataki vitabu vitoke nje ya maktaba kwa sababu vinapotea. Na watoto wenyewe wanaogopa. Mtahiniwa akimaliza shule lazima maktaba imtilie sahihi kwamba hadaiwi, na kilichopotea mzazi hulipa. Mtoto ambaye mama yake anauza mboga soko la Muthurwa anapiga hesabu na kuona heri asiazime kabisa. Anakuja, anakishika, anakisoma kidogo akiwa amesimama, kengele inalia, anakirudisha. Hilo linaniumiza kuliko mengine yote.

Mwl_Insha
Hapo nina la kuchangia, maana nimewahi kusimamia vitabu. Tenganisha mali mbili. Vitabu vya kiada ni vya wizara, vibaki kwenye rejista kuu na sheria zake. Vya hadithi, hasa hivyo vya mtumba, vifungulie daftari lake dogo na uviweke kwenye sanduku la kila darasa chini ya kiranja. Kikipotea, mwanafunzi alete kitabu chochote cha hadithi badala yake, au asaidie maktabani siku chache. Pesa isitajwe, na fomu ya kumaliza shule isiguswe.

Naibu usimwendee na hoja tupu. Mwombe muhula mmoja wa majaribio, darasa moja tu, na uandike vilivyotoka na vilivyorudi. Ukimwekea daftari mezani mtazungumza lugha moja. Kuhusu alama bado sijashawishika na RafuYaKati, lakini hilo tutalijadili siku nyingine.

RafuYaKati
Naunga mkono daftari la pili. Kwetu faini za hadithi tuliziondoa kabisa, na waliokuwa wakijificha na vitabu vya zamani walivirudisha. Na usihesabu kila kisichorudi kuwa hasara. Kingine kimeshasomwa na dada, binamu na jirani.

Mkutubi_Eastlands
Basi nimepata pa kuanzia. Wikendi hii napanga rafu upya na watoto wawili wa kidato cha tatu, mmoja ni kiongozi wa drama. Wiki ijayo nitawasomea, nimeshachagua ukurasa. Naibu nitamwona baada ya hapo kuhusu sanduku la darasa. Ninachokosa sasa ni vitabu vya kuweka ndani ya sanduku hilo, hadithi za kusisimua, za Kiswahili zikiwepo, hata zenye majalada yaliyochanika.

Mtoto_wa_Makadara
Nina mfuko mzima wa nilivyonunua Tom Mboya, nimeshavisoma vyote. Niandikie faraghani jina la shule, nitavileta Jumamosi.

Mama_Umoja
Nami nina riwaya za Kiswahili za marehemu mume wangu. Kijana wangu atakuja nazo.