Mzee anataka nirudi nishike farasi 5, ndugu zangu wanataka tuuze. Nishaurini

Kijana wa Usa
Wakuu habari za jioni. Kwetu ni Usa River, Arusha, mi niko Dar kwa ajira. Babu alikua saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba la kahawa la mzungu, mshua kakulia humohumo bandani analala juu ya magunia ya pumba, yule mzungu alipoondoka akamwachia majike mawili badala ya kiinua mgongo na ndo tulipoanzia. Sasa hivi wako 5, tunapandisha watalii kuzunguka mashamba huku chini ya Meru, Jumamosi watoto wanakuja kujifunza. Mzee ana miaka 74, goti limekataa, anataka nirudi. Kaka na dada wanasema wauzwe tugawane. Farasi nawapenda ila hesabu ya hii biashara siijui, mzee hana hata daftari, kila kitu kiko kichwani kwake.

Mangi wa Kibosho
Uza mkuu. Ng'ombe unakamua, mbuzi unachinja, farasi je? Masika Machi mpaka Mei mgeni haonekani lakini yeye anakula kama kawaida, wala hajui kwamba ni low season 😂

Saisi mstaafu
Mangi acha utani kwenye mambo ya watu. Mwanangu, mi nimefanya hiyo kazi miaka 19, nikwambie kinachoua hii biashara kwanza ni ugonjwa, kukosa watalii kunafuata. Kuna ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, vile vidudu vidogo vya jioni na alfajiri, dawa ya kuponya hakuna. Jioni unamwacha mzima, asubuhi unakuta povu linatoka puani na juu ya macho kumevimba, ukija mchana ni kuchimba shimo. Kinga ni chanjo na kumwingiza bandani kabla jua halijazama. Kupe nao wanaleta homa. Halafu tumbo, farasi hatapiki hata siku moja, akila kibaya akianza kugaagaa na kuangalia ubavu wake hapo ita daktari usiku huohuo. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Na mtalii wa kilo 110 mwambie ukweli kwa adabu, farasi wa kilo 450 mzigo wake usizidi 90 na tandiko likiwemo. Nimeona farasi wazuri wameharibiwa mgongo na bosi aliyeogopa kurudisha dola.

Mama Neema
Pole mdogo wangu. Hesabu ni hii: farasi wa kilo 450 anakula kama kilo 9 za majani makavu kwa siku, watano ni 45, mwezi mzima tani moja na ushee, bado pumba, chumvi, saisi, daktari. Hayo majani makavu (hei) nunua mvua zikiisha wakati bei iko chini ujaze stoo, ukingoja kiangazi kikaze utalia. Ila swali langu ni kwenye umri. Hao watano wana miaka mingapi? Farasi anafika 25 hata 30, lakini wa kubeba wageni kila siku ni wale wa katikati.

Kijana wa Usa
Asante dada. Mmoja ni mtoto wa mwisho wa wale majike ya mwanzo, ana 24, hapandwi tena, wawili wana 16, waliobaki ndo vijana.

Mama Neema
Basi waulize kaka na dada huyo wa 24 anauzwa kwa nani. Wanunuzi watataka hao vijana wawili, nyie mtabaki na huyo wa 24 wa kulisha bure na wale wawili wa 16 ambao miaka yao ya kazi inahesabika. Huo mgao mi siuoni.

Mangi wa Kibosho
Hapo kwenye mgao nimenyamaza. Ila kazi ya Dar usiache leo, omba likizo kwanza ukae nao masika moja.

Kijana wa Usa
Nimempigia mzee sasa hivi nikamuuliza walichanjwa lini mara ya mwisho. Kanitajia tarehe, rangi ya gari la daktari na nani alikataa sindano akampiga saisi teke.

Saisi mstaafu
Ijumaa panda basi, uje na daftari. Anza na huyo aliyepiga teke.