Mrejesho: Mimi na baba mtoto tumekaa meza moja

Ndugu zangu, niliwasimulia jinsi mzazi mwenzangu alivyogoma kumrudisha mtoto baada ya likizo ya Juni, nikauliza kama nikimbilie mahakamani. Wengi mlisema nianzie ustawi wa jamii. Nikaenda.

Afisa alimwandikia barua ya wito. Mara ya kwanza hakutokea. Ya pili alikuja na dada yake, wifi yangu yule yule mwenye maneno. Afisa akamwomba wifi asubiri nje kwenye benchi. Hapo tu nilishusha pumzi.

Nilikuwa nimeikariri Sheria ya Mtoto ya 2009, kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama. Afisa akanijibu taratibu kuwa dhana hiyo inaweza kupingwa, tena wetu ana 6 na nusu. "Akitimiza 7 utakuja na hoja gani?" Nikanywea.

Kumbe mwenzangu kilichokuwa kinamuuma ni simu. Mtoto akiwa kwangu, nilikuwa sipokei simu zake. Ni kweli, nilikuwa namkomesha.

Tumeandikishana: siku za shule anakaa kwangu, likizo tunagawana nusu kwa nusu, simu kila siku saa moja jioni, ada analipa yeye, sare na madaftari mimi. Tumesaini wote.

Mtoto karudi Jumapili, kavaa ndala za mtu mwingine. Pesa ya matumizi ya mwezi bado hatujaafikiana, tumepangiwa kurudi tarehe 14.